Nguo za Kanisani za Pikipiki za Igsulong

Visitacion Dumalaog, ambaye kijiji kizima cha Igsulong humwita Manang Bising, yaani dada mkubwa, hata wale wanaomzidi umri, ni fundi pikipiki kwa mwaka wa ishirini na tatu sasa. Ufundi hakuusomea. Mumewe ndiye aliyekuwa fundi. Huyo mume akaenda kufanya kazi melini, akaandika barua mbili, ya pili akieleza kwamba amepata mke mwingine katika bandari fulani, akaitaja na jina lake kana kwamba Bising angependa kwenda kuitembelea. Bising alilia siku tatu. Siku ya nne akaja mtu anakokota pikipiki iliyokatika cheni, akauliza fundi yuko wapi. Bising akajibu kwamba fundi ni yeye, kisha akaingia ndani kuzitafuta spana zilipo. Cheni ile ilimchukua tangu asubuhi mpaka saa kumi za jioni, lakini ilidumu.

Igsulong iko juu mlimani, na barabara ya kuteremkia shuleni ni kilomita tatu za kona na kokoto. Huku juu asiye na pikipiki hana lake. Mgonjwa hushuka kwa pikipiki, nguruwe hushuka kwa pikipiki, hata jeneza la mzee wa kanisa liliwahi kushushwa kwa pikipiki mbili zilizofungwa ubao katikati. Na karibu zote ni za aina moja, kwa sababu duka la pikipiki mjini ni moja.

Mdogo wake Bising, Wenifredo, au Weni, ni dereva wa bodaboda. Kila asubuhi hubeba wanafunzi watano mishikaki: mmoja mbele yake juu ya tangi, watatu nyuma, na wa tano, aliye mwembamba, juu ya kibao alichojiongezea mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi yake pekee. Aliwahi kujaribu kufuga bata, bata wakamshinda.

Weni ana tabia moja iliyokuwa ikimkera sana dada yake: kumaliza ndala. Na si zote mbili. Ya kushoto hubaki nzima, ya kulia hutoboka kisigino kabla mwezi haujaisha. Bising kila akishuka sokoni alimletea jozi nyingine, na kila mara alimsema kwamba mtu mzima anaburuza mguu kama anayesukuma mavi ya kuku. Weni alikuwa akicheka tu, anavaa mpya, anaitupa kuukuu jikoni iwe ya kuwashia moto.

Sasa, kuhusu ukaguzi. Zamani ukaguzi wa pikipiki haukumsumbua mtu. Ulichukua karatasi nyembamba, ukaibandika juu ya namba ya injini, ukasugua kwa penseli mpaka namba ikajichora, ukapeleka ile karatasi mjini. Pikipiki yenyewe ingeweza kuwa imelala juu ya matofali, kuku wanataga kwenye kiti. Karatasi ilitosha. Baadaye wakataka waione pikipiki yenyewe: taa zinawaka, honi inalia, vioo vya pembeni vipo, ekzosi haipigi kelele. Hapo ndipo zilipozaliwa nguo za kanisani.

Zilizaliwa hivi. Mtoto wa baharia mmoja alinunua pikipiki mpya, na mwezi wa pili akamparamia nayo nyati wa kulimia. Nyati hakuumia. Kijana aliumia mguu, akapona, akaenda zake melini kama baba yake, akamwachia Bising mabaki. Bising akatoa kila kilichokuwa kizima: ekzosi, taa ya mbele, taa za nyuma, indiketa, vioo, honi. Akavitundika ukutani kwenye misumari. Mtu akitaka kwenda kukaguliwa, Bising humvulia pikipiki vile vyake vilivyochakaa, humvisha vile vizuri, naye huenda, hukaguliwa, hurudi, huvuliwa. Kijiji kizima seti moja, na hakuna aliyewahi kugombea zamu, kwa kuwa tarakimu ya mwisho ya namba ya pikipiki ndiyo inayoonyesha mwezi wa kukaguliwa: moja Januari, mbili Februari, na kuendelea. Kila mtu na mwezi wake, na siku ulijichagulia.

Ugomvi ulitokea mara moja tu. Mtu alirudisha taa ya mbele ambayo si ile aliyopewa, akaapa kwa watakatifu wote kwamba ndiyo. Tangu siku hiyo Bising akachukua rangi ya kucha ya binamu yake, nyekundu, akatia nukta kwenye kila kifaa. Akajiona mjanja sana.

Mwaka huu ikaja sheria mpya. Afisa mmoja alipanda kutoka mjini kuieleza, akasimama katika uwanja wa mpira wa kikapu na kipaza sauti kisichohitajika. Akasema ukaguzi sasa ni wa mashine. Mashine itapima moshi, itapima kelele, itazungusha magurudumu na kupima breki, na kila pikipiki itapigwa picha. Isiyopita haipati usajili, na isiyo na usajili ikikamatwa barabarani inalala kituo cha polisi.

Watu waliongea, na si kwa upole. Kituo chenyewe cha ukaguzi kiko kilomita thelathini na nane. Huyo wa kufanya safari mara mbili akishindwa mara ya kwanza, mafuta nani atampa? Pikipiki za miaka kumi na tano zitashindanaje na mashine? Mbona malori ya mchanga yanayotoboa barabara hayaguswi? Mwanamke mmoja akauliza kama mashine hiyo inaweza pia kupima barabara yenyewe, kwa sababu barabara ndiyo inayoua pikipiki. Watu wakacheka, afisa naye akacheka, akaandika kitu kwenye daftari lake, na hakuna aliyeamini kwamba ameandika swali lile.

Bising alikaa nyuma akasikiliza. Malalamiko yote aliyaona ya kweli. Lakini yeye ndiye aliyejua kilichomo ndani ya kila gurudumu la Igsulong, na hilo hakuna aliyeuliza. Kati ya pikipiki arobaini na kitu, zenye breki za kusema hizi ni breki hazikufika kumi. Watu walikuwa wakishuka mlima roho mkononi, kwa gia ndogo na kwa mazoea. Pedi ni za kununua, na kila mwezi palikuwa na kitu kingine cha kununua kwanza. Yeye alikuwa akitengeneza kile alicholetewa, na breki hakuna aliyeleta mpaka ife kabisa.

Basi Bising akaongeza pedi za breki katika nguo za kanisani. Zilikuwepo, zile za kijana wa melini, mbele na nyuma, ndani ya kopo la maziwa. Hazikutembea hata miezi miwili. Akazitia nukta nyekundu kama ndugu zao. Juni zilipanda kwenye pikipiki nne, na zote nne zikapita. Igsulong ikatulia, watu wakaanza kusema mashine nayo ni kitu gani.

Julai ikafika. Namba ya Weni inaishia na saba. Akishindwa, wanafunzi watano watabaki juu mlimani na unga wa Weni utakuwa umemwagika, kwani usajili wake ulikuwa unakwisha mwezi huo huo na polisi walikuwa wameanza kukaa kwenye daraja la njia ya shuleni kila asubuhi. Kibao cha mwanafunzi wa tano kilifunguliwa kikafichwa chini ya kitanda. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi Weni alipoteza hamu ya kula.

Tatizo ni kwamba namba ya Manong Anastacio, yaani kaka mkubwa kwa heshima, mchoma mkaa wa kule kisimani, nayo inaishia na saba. Na kwa mpango mpya, siku na saa unapangiwa kwa simu. Wote wawili wakapangiwa Jumatano ya mwisho ya mwezi: Weni saa nne asubuhi, Anastacio saa nane mchana. Seti ni moja. Bising alikuna kichwa siku mbili, kisha akapata dawa. Watashuka wote. Karibu na kituo kuna mgahawa wenye uwanja nyuma. Weni akishapita, watakwenda nyuma ya mgahawa, Bising amvue, amvishe Anastacio, na saa nane isifike kabla hawajamaliza. Bising atatangulia na pikipiki yake mwenyewe, na sanduku la spana.

Jumatano hiyo Weni alipita kila kitu. Moshi ulipita, kelele zikapita, na mashine ilipozungusha magurudumu, breki zikashika mpaka Weni akarushwa mbele kidogo, akageuka kumwangalia dada yake kwa mshangao wa mtu ambaye hajawahi kushikwa na breki zake mwenyewe. Bising alikuwa amesimama nje ya mstari wa njano, mkoba kifuani.

Mkaguzi alikuwa binti wa miaka ishirini na saba hivi, mhandisi, jina lake Jovelyn, nywele amezibana kwa kalamu. Alichuchumaa kupiga picha ya ekzosi. Akabaki amechuchumaa. Akaisogelea, akaigusa ile nukta nyekundu kwa kidole. Kisha akaenda kwenye kompyuta yake, akakaa huko muda mrefu, akarudi kumuuliza Weni fundi wake ni nani. Weni akaelekeza midomo tu upande wa dada yake, kama tunavyoelekeza sisi. Mhandisi akamwomba Bising wasogee pembeni, penye kivuli cha ukuta.

“Mama, ekzosi hii nimeiona Juni,” alisema. “Mara nne. Kwenye pikipiki nne.”

“Ni ekzosi nzuri,” alisema Bising.

“Ni nzuri. Sina ugomvi nayo, kelele haziui mtu. Nataka kujua kitu kimoja tu. Vyenye rangi ya kucha ni hivi vya nje, au na ndani vipo?”

Bising akajifanya hakusikia vizuri. Mhandisi hakupandisha sauti. Akamwambia kwamba ndani ya gurudumu yeye haoni, na kanuni haimruhusu kufungua. Mashine imemwambia breki zimeshika, na kwa karatasi mambo yamekwisha. “Naweza kugonga muhuri sasa hivi,” alisema. “Ila wewe ndiye fundi. Niambie, kesho asubuhi zitashika?”

Hapo ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Neno moja, na Weni angerudi nyumbani na kazi yake. Bising alilishika lile neno mdomoni. Akamtazama mdogo wake, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la kusubiria, miguu ameinyoosha mbele, mguu wa kulia juu ya wa kushoto. Soli ya ndala ya kulia ilimkabili Bising moja kwa moja. Ilikuwa imelika kuanzia kisigino, kwa mshazari, laini, na katikati palikuwa na tundu ambalo nyama ya kisigino ilionekana, nyeusi na ngumu. Ndala hizo alimnunulia mwanzoni mwa mwezi.

Mtu anayeburuza mguu hatoboi hivyo. Hivyo hutoboa mtu anayeukandamiza mguu chini, akiwa juu ya pikipiki, kona baada ya kona, kilomita tatu, na watoto watano. Bising aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Miaka yote amekuwa akinunua ndala. Yeye, fundi. Na hakuweza hata kujidanganya kwamba ndiyo kwanza anajua, kwa sababu aliisikia ile ndala kila asubuhi ikikwaruza kokoto pale kona ya kwanza, chini ya gereji yake, na kila asubuhi aliongeza sauti ya redio.

“Kesho hazitashika,” alimwambia mhandisi. “Hata leo saa sita hazitakuwepo. Nina mwenzake ananisubiri nyuma ya mgahawa.”

Jovelyn akafumba macho kidogo, kama mtu aliyekuwa akiomba asijibiwe hivyo. Akasema basi hawezi kupitisha breki za kuazima.

“Na zikibaki?”

“Zikibaki ni zake. Lakini nitajuaje kama zimebaki, mama?”

Bising akageuka. Alikwenda kwenye pikipiki yake, akaleta sanduku la spana, na pale pale uani, mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni, akafungua gurudumu la nyuma la pikipiki ya Weni. Weni alisimama, akauliza Manang anafanya nini, akaambiwa akae. Bising akazitoa pedi, akamwonyesha mhandisi nukta nyekundu, kisha akaikwangua kwa ncha ya bisibisi mpaka ikaisha. Akafanya vivyo hivyo na za mbele. Akazirudisha, akakaza, akamwambia Weni apande ajaribu. Jovelyn alitazama kazi yote, mikono nyuma. Mwishoni akagonga muhuri, akamwambia Bising kwamba vitu vyenye rangi ya kucha asivione tena kituoni kwake, la sivyo itabidi aandike ripoti.

Kilichobaki kilikuwa Anastacio. Alikuwa nyuma ya mgahawa tangu saa tatu, amekwisha kula wali na samaki mkavu, pikipiki yake imevuliwa tayari, gurudumu liko chini, anasubiri kuvishwa. Bising alimweleza yote bila kuficha. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta midomo.

“Kwa hiyo mdogo wako ndiye mwenye shingo,” alisema. “Mimi nikivunjika, mkaa utajichoma wenyewe.”

“Manong, yeye anabeba watoto.”

“Na mimi nambeba nani Jumapili? Mke wangu si mtu?” Kisha akauliza kwa upole, na ule upole ndio uliouma: “Bising, pikipiki yako wewe, breki zake vipi?”

Katika Igsulong nzima ilikuwapo pikipiki moja ambayo haijawahi kuvishwa nguo za kanisani, kwa kuwa haikuzihitaji. Pedi zake zilikuwa zikibadilishwa kila zilipoanza kulia, na mwenyewe hakuwahi kulitafakari jambo hilo, kama vile mpishi asivyotafakari kwamba ameshiba. Alikuwa akijua barabara ile ilivyo, akajitengenezea yake. Bising akatazama chini. 

Alichuchumaa, akafungua magurudumu ya pikipiki yake mwenyewe, akatoa pedi, akamfungia Anastacio, na vingine akamrudishia vyake vya zamani. Pedi zilikaa sawasawa, aina ni ile ile. Anastacio hakusema asante wala hakukataa. Saa nane akaingia kituoni. Breki zilipita vizuri sana. Moshi ndio uliomwangusha, kwa kuwa injini yake ilikuwa inakunywa oili tangu utawala uliopita, na mpaka leo anasimulia kwamba alishindwa kwa sababu ya Bising. Lakini zile pedi hakuzirudisha. Anazo.

Pikipiki ya Bising ilibaki nyuma ya mgahawa kwa siku sita, mpaka alipopata pedi nyingine. Jioni ile alirudi nyumbani nyuma ya Weni, sanduku la spana mapajani. Walipofika, alivivua kwenye pikipiki ya Weni vile vilivyobaki, akavigawa kwa waliovikosa kabisa: taa kwa huyu, vioo kwa yule, ekzosi ikabaki kwa Weni. Watu walimnunia karibu mwezi mzima. Pikipiki tano za Igsulong hazikupita mwaka huu, na mbili kati yake sasa zinalaliwa na kuku. Wenyewe wanatembea kwa miguu na wanailaani sheria, na Bising hawabishii, maana mafuta ya safari mbili ni mafuta ya safari mbili, na barabara bado haijapimwa na mtu. Ila siku hizi mtu akimletea pikipiki ya kufungwa cheni, hufungua na gurudumu akaangalia ndani, bila kuombwa, kisha humwambia mwenyewe alichokiona. Wengine hukasirika. Wanafunzi wa Weni sasa ni wanne, kibao hakikurudi, na yule mwembamba anabebwa safari ya pili.

Desemba, siku mbili kabla ya sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, Bising alishuka sokoni, akanunua nyama, akanunua mishumaa, na kwa mazoea akachukua jozi moja ya ndala za kiume, namba nane. Alizipeleka kwa Weni jioni. Weni alikuwa kizingitini anamenya vitunguu. Akaziangalia zile ndala, halafu akainua mguu wa kulia kumwonyesha.

“Za nini, Manang?” alisema. “Hizi za Agosti bado nzima.”

Bising akaushika ule mguu kwa mikono miwili, akaugeuza, akaipapasa soli kuanzia vidoleni mpaka kisiginoni. Weni akamwambia aache, anamtekenya. Hakuacha.